Kumfundisha daktari tarajali kutumia inhela ya pumu: mwongozo kamili kwa mkufunzi

Mwekee daktari tarajali, yaani daktari mpya aliye kwenye mafunzo ya vitendo, inhela ya salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) mezani, umwambie: "Jifanye mgonjwa, itumie." Usimweleze kitu kingine. Wengi watasahau kuitikisa. Wengine watabofya kwanza ndipo wakumbuke kuvuta pumzi, na wengine watavuta kwa pupa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Hao ndio waliotoka kufaulu famakolojia, na wanaweza kukutajia kipokezi cha beta-2 (mahali salbutamol inapofanyia kazi mwilini) bila kupepesa macho. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema hadi asilimia 70–80 ya wagonjwa hawatumii inhela zao sawasawa, na kwamba watoa huduma wengi nao hawawezi kuonyesha namna iliyo sahihi. Mgonjwa hawezi kujifunza kwa mtu ambaye mwenyewe hajui.

Kwa hiyo somo hili halifundishwi kwa slaidi. Linafundishwa kwa mikono, kwa kundi dogo la watu wanne hadi sita, kwa dakika 75 hivi. Wakizidi hapo gawa makundi mawili, kwa sababu mkufunzi mmoja hawezi kutazama midomo kumi kwa wakati mmoja.

Vifaa na maandalizi

Tafuta inhela za mazoezi zisizo na dawa, moja kwa kila mshiriki. Wawakilishi wa makampuni ya dawa na idara za mafunzo mara nyingi huwa nazo. Zikikosekana, kusanya kliniki mikebe (vichupa vya dawa) iliyokwisha dawa, uitie kwenye maganda (sehemu ya nje ya plastiki) ambayo hayajatumiwa na mtu. Usifanyie mazoezi inhela yenye salbutamol. Mtu akirudia mara kumi mikono itaanza kutetemeka na moyo kwenda mbio, na dawa hiyo kuna mgonjwa anayeihitaji.

Kifaa kilichoingia mdomoni mwa mtu hakihamii kwa mwingine. Kukipangusa kwa spiriti kusiwe kisingizio cha watu sita kugawana inhela moja. Kama zipo mbili tu, tumia vidomo vya karatasi vya kutupa, au mshiriki aonyeshe akiwa ameishika inhela sentimita chache mbele ya midomo, na mkufunzi akumbuke kwamba hatua ya kubana midomo haijapimwa.

Ongeza spesa mbili (vyombo vyenye uwazi ndani vinavyochomekwa inhela, dawa ikapitia humo kabla ya kuvutwa), moja yenye barakoa ya mtoto na moja ya kidomo, kifaa kimoja au viwili vya dawa ya unga, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, kitambaa cheusi, saa yenye mshale wa sekunde, na karatasi ya kukagulia hatua, nakala mbili kwa kila mtu. Kikiwepo kifaa cha kupima kasi ya kuvuta pumzi kama In-Check DIAL, kilete, maana hakuna maneno yanayomshawishi daktari kama namba.

Anza na mtihani, si somo

Dakika kumi za mwanzo zitumie kuwapima. Kila mmoja atumie inhela mbele ya mwenzake anayejaza karatasi: amefanya, hajafanya. Usisahihishe wala usitikise kichwa. Kila mtu aandike alama yake na aikunje. Mkufunzi mwenye haraka huiruka hatua hii, na hilo ni kosa, kwa sababu mtu anayeamini anajua hasikilizi. Akiona amepata nne kati ya kumi, atasikiliza.

Kisha onyesha wewe, mara ya kwanza kimyakimya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili onyesha huku ukieleza kila hatua na sababu yake.

Hatua za inhela ya kubofya

1. Kaa wima au simama. Mgonjwa aliyelala chali hawezi kujaza mapafu.
2. Ondoa kifuniko, chungulia ndani ya mdomo wa inhela. Inhela iliyokaa mfukoni bila kifuniko huokota sarafu, ganda la karanga, hata kidonge, na kitakachokuwemo kitaingia kwenye njia ya hewa.
3. Kama ni mpya, au haijatumika kwa siku kadhaa, bofya hewani mara 2 hadi 4 kulingana na karatasi ya mtengenezaji.
4. Itikise vizuri, mara tano au zaidi. Ishike wima, kidole cha shahada juu ya mkebe na dole gumba chini.
5. Shusha pumzi taratibu, mbali na inhela, mpaka uone mapafu yametulia.
6. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno, bana midomo kuuzunguka, ulimi ukae chini. Kidevu kiinuke kidogo.
7. Anza kuvuta pumzi polepole kwa mdomo, na papo hapo bofya mara moja.
8. Endelea kuvuta kwa sekunde 4 hadi 5 mpaka mapafu yajae.
9. Toa inhela, funga mdomo, bana pumzi kwa sekunde 10 au kadiri utakavyoweza.
10. Shusha pumzi. Kama dozi ni mipulizo miwili, ngoja sekunde 30 hadi 60, tikisa tena, urudie kuanzia hatua ya tano.

Dawa ikiwa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa), kama beklometasoni au budesonidi, sukutua mdomo na koo kwa maji na uyateme. Asiyefanya hivyo anaweza kuota utando mweupe wa fangasi mdomoni au kukaukwa na sauti, kisha akaacha dawa na kusema imemdhuru.

Hatua ya nne, ya tano, ya saba, ya nane na ya tisa ndizo zinazobeba somo lote, na hapa usiwe na haraka. Katika inhela nyingi dawa si maji, ni chembe zinazoelea ndani ya kimiminika cha gesi. Usipotikisa, chembe hutulia na mpulizo wa kwanza hutoka na dozi isiyo sahihi. Likitoka mkebeni, wingu la dawa huruka kwa kasi kubwa. Mtu akivuta kwa nguvu, chembe hushindwa kupinda kona ya koo, zikagota ukutani na kumezwa. Akivuta polepole zina nafasi ya kufuata hewa. Hata kwa mtumiaji mzuri, sehemu ndogo tu ya dozi, takriban asilimia 10 hadi 20, ndiyo hufika mapafuni. Ukiiharibu hiyo kwa kuvuta kwa pupa, kinachobaki ni karibu na hakuna. Kubana pumzi nako kuna kazi yake: chembe ndogo zilizofika ndani zinahitaji muda kutua kwenye kuta za njia ya hewa, la sivyo zinatoka na pumzi inayofuata.

Bofya mpulizo mmoja juu ya kitambaa cheusi, wauone unavyochomoka. Halafu bofya ndani ya spesa inayopitisha mwanga, waone wingu likiwa limesimama. Onyesho hilo la sekunde ishirini linaeleza mengi kuliko ubao mzima.

Tarajali anayevuta haraka mpe mfano wa harufu ya pilau ya jirani: unaivuta taratibu na kwa muda mrefu ili usipoteze chochote, ila safari hii kwa mdomo. Mwenzake ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, kwa mwendo wa mshale wa saa. Ukiwa na In-Check DIAL, kwa inhela ya kubofya mshale usivuke lita 60 kwa dakika, na karibu na 30 ni bora zaidi. Wengi wataupitisha 100 kwenye jaribio la kwanza na kucheka.

Kuna jambo moja linalowakata wengi pumzi, nalo ni ubaridi. Gesi inapogonga nyuma ya koo mtu hushtuka na kuacha kuvuta. Tarajali aujue kwa koo lake mwenyewe, ndipo atakumbuka kumwonya mgonjwa kabla.

Maneno yanayopotosha

Hili halimo kwenye vitabu vya wodini, na ndilo linaloharibu mafundisho mazuri. Kwa Kiswahili inhela huitwa dawa ya kupuliza. Mgonjwa aliyeambiwa "puliza mara mbili" ana haki ya kupuliza: atatoa pumzi ndani ya kifaa, au atajinyunyizia mdomoni kama marashi. "Piga mbili" humfanya abofye mara mbili ndani ya pumzi moja. Na lebo ya famasi iliyoandikwa 2x2, kama ya vidonge, haisemi lolote kuhusu namna.

Kubalianeni darasani maneno matatu na muyatumie hayo hayo siku zote: shusha pumzi, vuta pumzi, bana pumzi. Kwa tendo la kidole tumia bofya. Badala ya "mara mbili" sema "mpulizo mmoja, ngoja, kisha mpulizo wa pili". Wazee wengine wakisikia "vuta" wataelewa sigara, na hapo ni vizuri kuonyesha kwa kifua chako. Mzungumze kwa adabu ya kawaida: "Mama, naomba unionyeshe unavyoitumia nyumbani" hufungua mlango, wakati "unajua kuitumia?" hujibiwa "ndiyo, daktari" na mambo yakaishia hapo.

Rangi nazo zitajwe kwa tahadhari. Salbutamol mara nyingi ni ya bluu, na steroidi ya kahawia au rangi ya chungwa, lakini watengenezaji hawafuati mpango mmoja. Tarajali asome jina na miligramu au mikrogramu kwenye mkebe. Amfundishe mgonjwa tofauti kwa kazi: hii ya kufungua kifua, hii ya kutuliza uvimbe wa ndani. Tangu 2019 GINA haipendekezi mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamol peke yake; anayeandika inhela ya bluu tu na kumruhusu mgonjwa aende, ajue anakwenda kinyume na mwongozo.

Spesa, na chupa ya nusu lita

Spesa huondoa tatizo la kulinganisha kidole na pumzi, hupunguza dawa inayobaki kooni, na ndiyo njia ya watoto wadogo. Chini ya miaka minne tumia spesa na barakoa. Kuanzia miaka minne au mitano mtoto akiweza kubana midomo, mpe kidomo.

Tikisa inhela, ichomeke, bofya mpulizo mmoja tu, kisha mtoto apumue kawaida mara tano au sita. Mtu mzima anaweza kuvuta pumzi moja ndefu na kuibana. Mipulizo miwili ikibofywa pamoja, chembe hugongana na kunata kwenye kuta, na mgonjwa hupata pungufu ya alichostahili. Vivyo hivyo akichelewa: wingu hutulia chini, kwa hiyo avute mara tu baada ya kubofya. Tarajali atazame vali (kilango kidogo cha spesa), iwe inacheza kwa kila pumzi. Isipocheza, barakoa inavuja au mtoto hapumui humo. Spesa ikipiga filimbi, mgonjwa anavuta haraka mno.

Barakoa ifunike pua na mdomo bila nafasi. Mtoto anayelia hapati dawa ya maana, ijapokuwa mama na muuguzi huona kama anavuta sana. Mbembelezeni kwanza, mama ampakate, barakoa aichezee.

Kuosha: mara moja kwa mwezi au zaidi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha iachwe ikauke yenyewe. Isifutwe kwa kitambaa, kwa kuwa msuguano huzaa umeme tuli unaonasa dawa ukutani. Sabuni iachwe bila kusuuzwa ndani, kidomo tu kipanguswe. Ganda la inhela nalo lioshwe kila wiki, mkebe ukiwa umetolewa, kwani tundu lake huziba. Mkebe wenyewe hauingizwi majini.

Spesa ya dukani ikishindikana, chupa inatosha. Watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walionyesha, katika utafiti uliochapishwa 1999, kwamba kwa watoto wenye shambulio la pumu chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi kama spesa ya kawaida. Mfanye kila tarajali atengeneze yake. Achore umbo la mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, atoboe kwa waya uliopashwa moto uliokunjwa kwa umbo hilo, tundu liwe dogo kidogo kuliko mchoro ili inhela iingie kwa kubana. Pembeni azibe kwa gundi au utepe, gundi ikauke kabisa. Kisha hatua ambayo husahaulika: akague ndani kwa mwanga na atoe kila chembe ya plastiki iliyokatika au kuungua, halafu aioshe kwa sabuni na kuikausha kama ilivyoelezwa juu. Mtoto hubana midomo kwenye shingo ya chupa na kupumulia humo. Kikombe cha polistirini au chupa isiyozibwa haikuthibitika hivyo, na isichukuliwe kuwa ni kitu kilekile.

Dawa ya unga

Hapa kila kitu kinageuka, ndiyo maana tarajali huchanganya. Vifaa kama Turbuhaler na Diskus havina gesi. Nguvu ya kuupasua unga ni ya pumzi ya mgonjwa. Avute haraka na kwa nguvu tangu mwanzo, kama anayenyonya maji ya dafu zito kwa mrija mwembamba. Turbuhaler ishikwe wima wakati wa kupakia, kitako kizungushwe mpaka mwisho upande mmoja kisha kirudishwe mpaka kilie "klik". Ikipakiwa ikiwa imelala, dozi haikamiliki. Asipumulie ndani ya kifaa, maana unyevu hugandisha unga. Asiitikise baada ya kupakia.

Mara nyingi mgonjwa hasikii ladha wala ubaridi, hivyo hudhani hakuna kilichotoka na kurudia. Mwambieni mapema. Na kwa vifaa vya kapsuli, ulizeni waziwazi kapsuli anaipitishia wapi, maana wapo wanaozimeza badala ya kuvuta unga wake.

Watoto chini ya miaka sita na mgonjwa aliye katikati ya shambulio kali wanaweza wasiwe na nguvu hiyo ya kuvuta. Wapewe inhela ya kubofya na spesa.

Shambulio la pumu mapokezi

Tarajali wengi wakimwona mgonjwa anayehema hukimbilia nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, hata umeme ukiwa umekatika. Kwa shambulio dogo na la wastani, inhela na spesa hufanya kazi sawa na nebulaiza kwa watu wazima na watoto. Dozi ya GINA ni mipulizo 4 hadi 10 ya salbutamol mikrogramu 100, kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza, mmoja mmoja, kila mmoja na pumzi zake. Wapigie hesabu ubaoni: mipulizo 10 ni miligramu 1. Hii itawashangaza waliozoea kuagiza miligramu 2.5 au 5 za nebulaiza. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya dawa ya nebulaiza hubaki kwenye kifaa au kupotea hewani.

Fanyeni zoezi hili kwa saa. Mipulizo sita kwa utaratibu huu huchukua dakika kadhaa, na tarajali aliyezoea kubofya sita mfululizo ataona kwa nini wagonjwa wake hawakupata nafuu. Hii haimaanishi kusahau oksijeni, prednisoloni (steroidi ya kumeza) na kumtazama mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi.

Zoezi la makosa

Hili ndilo ninalolipa muda mrefu kuliko mengine yote, dakika 20 nzima. Mkufunzi awe mgonjwa, afanye makosa mawili au matatu bila kutangaza, na tarajali ayataje. Chagua kutoka haya: mkebe umegeuzwa chini juu, meno yamefungwa mbele ya tundu, ulimi umeziba, pumzi inavutwa kwa pua, kidole kinabofya baada ya pumzi kujaa, pumzi inakatika mara gesi inapogonga koo. Wafundishe kutazama moshi. Wingu likitoka puani au pembeni ya mdomo, dawa haikuingia, na hiyo ni dalili inayoonekana ukiwa umbali wa mita mbili.

Swali la "mkebe umebaki na dozi ngapi?" lisiachwe. Kutikisa na kusikiliza hakusemi kitu, kwa sababu gesi hubaki hata dawa ikiwa imeisha. Kuuelesha majini ni desturi ya zamani isiyoaminika. Penye kihesabio wasome namba. Pasipo nacho, wahesabu: mkebe wa mipulizo 200, mtu akitumia minne kwa siku, ni siku 50. Tarehe ya kuuanza iandikwe kwa kalamu kwenye ganda.

Baada ya hapo kila tarajali amfundishe mwenzake anayejifanya haelewi, kwa mzunguko mmoja: aone kwanza, asahihishe kosa moja kubwa, aonyeshe, aombe arudiwe. Mzunguko huo huchukua dakika mbili au tatu. Asifundishe yote kumi kwa mkupuo kwa mgonjwa aliyechoka.

Kufaulu na kurudia

Kufaulu si alama nane kati ya kumi. Tarajali amefaulu pale tu hatua tano nilizozitaja zote ziko sahihi na ameweza kumsahihisha mgonjwa wa kweli wodini au kliniki huku wewe ukiwa umekaa kimya. Akikosa kuvuta polepole lakini akapata mengine yote tisa, bado hajafaulu. Arudie hapo hapo, mara nyingi majaribio mawili yanatosha.

Kisha panga marudio baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu makosa hurudi ndani ya muda huo hata kwa waliofundishwa vizuri. Kwa tarajali anayezunguka idara, wakati mzuri ni kabla hajatoka wodi ya watoto au ya magonjwa ya ndani: dakika tano, karatasi ileile, mkilinganisha na ile aliyoikunja siku ya kwanza. Na kwenye faili la mgonjwa asiandike "ameelekezwa inhela". Aandike kifaa, hatua iliyokosewa na kama imerekebishwa, kwa mfano: "Inhela ya kubofya bila spesa, anabofya mwisho wa pumzi, amerekebisha jaribio la pili, apewe spesa." Daktari atakayempokea mwezi ujao, kabla hajapandisha dozi ya steroidi, atajua pa kuanzia.